Mwanagenzi mkekani na utata wa neno ‘kutafakari’

Aghalabu sisi walimu hatuijui miili yetu hadi ituasi. Wangu uliasi mwaka jana nilipokuwa nimeliinamia rundo la karatasi za mtihani. Mgongo ulikaza, na daktari niliyemwendea kwa ajili ya mgongo huo akagundua kwamba hata shinikizo la damu lilikuwa limepanda. Alinipa tembe, kisha akanishauri nitafute mazoezi ya kunyoosha viungo na kutuliza akili. La kwanza alilolitaja ni yoga. Nilicheka.

Jumamosi iliyofuata nilijikuta katika ukumbi mmoja wa mtaani, nimevua viatu, nimeketi mkekani, nikifunzwa kupumua na binti wa umri wa wanafunzi wangu. Alijitahidi kutufunza kwa Kiswahili, jambo lililonifurahisha mno. Hata hivyo, haikupita saa moja kabla sijang’amua kwamba kikwazo cha mwanagenzi si ugumu wa viungo pekee, bali pia ni maneno.

Mikao ya yoga ina majina ya Kisanskriti. Mkao wa mlima na mkao wa mtoto tuliipokea bila tabu. Mwishoni mwa somo, mwalimu akatuamuru, “Sasa tulale kama maiti.” Mama mmoja aliyekuwa karibu nami aliinuka, akakunja mkeka wake, akaenda kuketi kando ya ukuta. Tafsiri ile ilikuwa sahihi kabisa, kwani katika jina shavasana mna neno shava, yaani maiti. Lakini kwetu maiti si picha ya utulivu. Kumwambia mtu mzima ajilaze kama maiti kunakaribia kumwapiza. “Laleni chali, mtulie” ingetosha, na yule mama angepata mapumziko aliyoyalipia.

Mimi nami nilinaswa na neno jingine. Tulipewa kazi ya nyumbani: kila alfajiri tuketi dakika kumi ‘tukitafakari’. Kwa muda wa majuma mawili nilitafakari kwelikweli. Nilitafakari mihadhara, karo ya watoto, na hoja niliyoshindwa kuitetea katika kikao cha idara. Niliinuka nimechoka kuliko nilivyoketi. Ilinibidi nikiri mbele ya mwalimu kwamba nimeshindwa, na kwamba nilikuwa nimeazimia kuacha.

“Mzee,” akaniambia, “nani alikukataza kuwa na mawazo? Wazo likija, lione, liache, urudi kwenye pumzi. Kule kurudi ndiko zoezi lenyewe.”

Kumbe! Kutafakari ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na ni ndugu wa fikra na fikira. Linamtaka mtu alishike wazo na kuliandama hadi mwisho wake. Zoezi hili linamtaka aliache lipite. Msomi yeyote anayelichukua neno hilo kwa uzito wake atafanya kinyume cha anachotakiwa kufanya, kisha ajilaumu. Ajabu ni kuwa Kiswahili kilikuwa na njia nyingine tangu hapo. Lisikilize neno pumzika, msomaji, nawe utaisikia pumzi ndani yake. Nafsi na nafasi nazo zinatokana na mzizi uo huo wa Kiarabu unaozaa neno la pumzi. Binafsi ningependelea tuseme ‘kutuliza pumzi’, ingawa sing’ang’anii. Istilahi hukubaliwa na wasemaji, si na wahadhiri.

Likaja swali zito zaidi. Mama yangu alipokuja kututembelea alinikuta sebuleni alfajiri, nimefumba macho. Akaniuliza, “Mwanangu, hapo unamwomba nani?”

Hilo si swali la kupuuzwa. Yoga ina mizizi katika dini na falsafa za India, na jina lenyewe linatokana na mzizi wenye maana ya kufunga pamoja, kama ng’ombe wafungwavyo nira. Anayedai kwamba ni viungo tu anapotosha historia. Katika maandishi mashuhuri ya Patanjali, yenye kauli fupi zipatazo 196, ni tatu tu zinazohusu namna ya kukaa. Kwa upande mwingine, hakuna anayelazimishwa kuimba mantra. Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya kuwasaidia wagonjwa kukabili maumivu na msongo kwa kuizingatia pumzi, bila kuwataka wafuate dini yoyote. Nilimjibu mama kwamba simwombi yeyote, nahesabu pumzi tu. Alinitazama kitambo, kisha akasema, “Basi hesabu baada ya sala, si kabla.” Ndivyo nifanyavyo hadi leo.

Kwa walimu na wanafunzi wanaotaka kujaribu, vifaa havina gharama. Mkeka wa ukindu unatosha, na asiyeweza kukunja miguu aketi kitini, mgongo wima. Tumbo lisiwe limeshiba. Hesabu pumzi moja hadi kumi, uanze tena. Ukipotea kwenye tatu, rudi kwenye moja. Mwenye shinikizo la damu asizuie pumzi kwa muda mrefu wala asisimame kichwa chini, na katu asiache dawa zake. Mimi zangu ningali nameza. Vidole vyangu navyo bado havijafika kwenye nyayo, wakati kijana wa mkeka wa jirani huzigusa huku akipiga miayo.

Muhula huu, kabla ya jaribio la fonolojia, niliwaomba wanafunzi wangu waweke kalamu chini na kuhesabu pumzi kumi. Wawili walicheka. Wengine walitii, na ukumbi ukanyamaza kiasi cha kusikika matatu zikipita barabarani. Mmoja alisinzia, tukamwamsha karatasi zilipogawanywa.