Kamba za Usukani wa Boti Ndogo Zibadilishwe Kabla Hazijakatika

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Bwawa la Mtera, lililopo katika Mto Ruaha Mkuu mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, hufikia eneo la takribani kilomita za mraba 660 linapojaa. Ndani yake ingali imesimama miti iliyokufa tangu bonde lilipofunikwa na maji, na baadhi ya visiki havionekani kabisa kwa aliye juu ya chombo. Boti iliyopoteza usukani mahali kama hapo huwa hatarini, na kwa kuwa bwawa lina mamba na viboko, kuogelea hadi nchi kavu si jambo la kutegemea.

Mitumbwi mingi ya wavuvi huongozwa kwa kasia au pondo, hivyo haina kamba ya kukatika. Wanaopaswa kuchukua tahadhari ni wenye boti ndogo za kasia aina ya kayaki, ambazo usukani wake ulioko tezini huvutwa kwa kamba mbili zitokazo kwenye vikanyagio vya miguu. Mabaharia wa pwani huziita kamba za usukani mijiari.

Kamba moja inapokatika, ile iliyobaki huweza kuuvuta usukani upande wake tu, na hakuna cha kuurudisha. Upepo mkali wa kusini mashariki, unaofahamika vyema Dodoma nyakati za kiangazi, huweza kuigeuza boti ikakaa ubavu kwa mawimbi.

Kamba huchakaa zaidi pale isipoonekana: inapopita kwenye kapi, inapoingia kwenye mrija na chini ya fundo. Jua huikausha ile sehemu ya nje, na mchanga ulioingia kwenye mrija huisaga polepole. Kwa hiyo, ukaguzi wa kutazama kwa macho hautoshi. Mmiliki aivute kamba yote na kuipapasa. Akikuta nyuzi zilizosimama, sehemu iliyokuwa nyembamba au iliyokakamaa, aibadilishe. Kwa waya wa chuma atumie kitambaa badala ya kidole, kwani uzi mmoja uliokatika huchoma kama sindano.

Kosa la kawaida ni kuichomoa kamba kuukuu kwanza. Hiyo ndiyo njia ya kupitishia kamba mpya. Ncha ya kamba mpya ishonwe kwenye ncha ya ile ya zamani, zifungwe kwa utepe mwembamba, kisha ya zamani ivutwe taratibu hadi mpya itokeze upande wa pili. Ikiwa imekwisha kukatika ndani ya mrija, waya mwembamba mgumu huweza kupitishwa badala yake.

Kamba ya katani, ingawa inapatikana kwa urahisi nchini, haifai hapa: hufyonza maji, huvimba ndani ya mrija na kuoza. Nailoni ya kawaida hutanuka inapovutwa, na usukani huchelewa kuitikia mguu. Inayofaa ni kamba ya kusokotwa isiyotanuka, yenye unene uleule wa ile ya awali. Kamba za namna hiyo huteleza, hivyo fundo likazwe sana na mkia wake uachwe mrefu.

Kabla ya kukata urefu wa mwisho, usukani unyooshwe katikati na vikanyagio vyote viwili viwe sawa. Kamba zote mbili zibadilishwe siku hiyohiyo, hata kama moja yaonekana nzima, kwa sababu zimepigwa na jua lilelile na kufanya kazi ileile.

Jaribio la kwanza lifanyike boti ikiwa nchi kavu, la pili kwenye maji ya magoti. Safarini ichukuliwe kamba ya akiba, kisu na jaketi okozi lililovaliwa, si lililokaliwa. Kwa dharura, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114.