Tunataka mhudumu wa kike, lakini nani tumemsomesha?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Usiku mmoja, katika hospitali moja ya wilaya, mwandishi wa makala haya alimsikia mzee mmoja akizungumza na muuguzi mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Binti yake alikuwa akiingizwa kujifungua kwa kupasuliwa, na mtaalamu wa dawa ya usingizi alikuwa mwanamume. "Mwanangu, hakuna mwanamke wa kumhudumia?" aliuliza mzee. Muuguzi akamjibu kwa upole: "Wanawake tupo, baba, lakini kazi hii hakuna kati yetu aliyeisomea."

Mzee aliinamisha kichwa, akaridhia. Alhamdulillahi, mama na mtoto walitoka salama. Hata hivyo, jibu la muuguzi yule halijamtoka mwandishi hadi leo, kwani halikuwa jibu la mzee peke yake. Lilikuwa jibu letu sote.

Ndugu Waislamu, wanazuoni hawakuliacha jambo hili bila mwongozo. Mwaka 1993, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake mjini Bandar Seri Begawan, Brunei, liliweka utaratibu wa matibabu ya mwanamke. Kwanza atafutwe mtaalamu wa kike Mwislamu. Akikosekana, mwanamke asiye Mwislamu. Akikosekana huyo, mwanamume Mwislamu, kisha mwanamume asiye Mwislamu. Kwa hiyo mzee yule hakukosea kuuliza, wala hakukosea kuridhia. Lakini ngazi ya kwanza ya utaratibu huo haiteremki kutoka mbinguni. Hujengwa darasani, kwa miaka mingi, na kwa gharama.

Wengi wetu tunamjua muuguzi kuwa ni mtu wa kupima joto, kuchoma sindano na kutandika vitanda. Hizo ni kazi za heshima, lakini taaluma hii imekwenda mbali zaidi. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kumchunguza mtoto, kutambua maradhi ya kawaida na kuyashughulikia, kwa sababu familia nyingi hazikuwa na daktari karibu. Walipingwa na wengi, wakiwamo wauguzi wenzao. Leo njia hiyo imeenea katika nchi nyingi, na Baraza la Kimataifa la Wauguzi, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza shahada ya uzamili iwe kiwango cha chini cha elimu kwa muuguzi wa ngazi hiyo ya juu.

Je, husoma nini huko? Husoma kwa kina namna maradhi yanavyouharibu mwili, namna ya kumchunguza mgonjwa kuanzia kichwani hadi miguuni, na namna dawa zinavyofanya kazi na zinavyoweza kudhuru. Kisha huchagua fani: ukunga na afya ya wanawake, wagonjwa mahututi, watoto wachanga, dawa za usingizi au afya ya akili. Hapa kwetu pia milango ipo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, jijini Dar es Salaam, hutoa shahada za uzamili katika uuguzi na ukunga.

Huenda mtu akasema kuwa haya ni mambo ya kigeni. La hasha! Bibi Rufaida wa kabila la Aslam (RA) alikuwa na hema lake katika msikiti wa Mtume (SAW) mjini Madina, akiwatibu majeruhi. Sa'd bin Mu'adh (RA) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, Mtume (SAW) aliamuru apelekwe kwenye hema hilo. Naye Bibi Ummu Atiyya (RA) alifuatana na Mtume (SAW) katika vita saba, akipika chakula, akitibu majeruhi na kuwahudumia wagonjwa.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu elimu ya tiba kuwa ni faradhi kifaya: wakiwapo wa kutosha wanaoifanya, wengine husameheka, wasipokuwapo, jamii nzima hubeba dhambi. Alilalamika kwamba miji mingi ya zama zake haikuwa na tabibu Mwislamu, ilhali watu walisongamana katika elimu za mabishano. Tujiulize: malalamiko hayo yamekwisha?

Ni kweli, wazazi wana hofu zao. Wapo wanaosema binti akisoma sana atachelewa kuolewa. Lakini ndoa na masomo si maadui; mume mwelewa na familia inayosaidia kulea watoto huweza kumvusha mke hadi mwisho wa masomo. Wapo wanaohofia mchanganyiko wa wanawake na wanaume kazini. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kuongeza wanawake wenye ujuzi. Tukiwazuia mabinti, wake zetu ndio watakaobaki bila wa kuwasitiri.

Kikwazo kikubwa ni gharama. Muuguzi mwenye watoto na mshahara mdogo hawezi kirahisi kuacha kazi akasome miaka miwili. Hapa tunahitaji kufufua wakfu. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, iliendeshwa kwa mali ya wakfu, ikiwa na wahudumu wa kiume na wa kike. Misikiti yetu ina nyumba na maduka ya wakfu. Je, kodi ya duka moja haiwezi kulipa ada ya muuguzi mmoja, kwa ahadi ya kurudi kuitumikia wilaya yake?

Mwenyezi Mungu (SW) ametufundisha katika Suratul Maida kuwa anayeiokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Basi familia yenye binti muuguzi na imkalishe leo baada ya swala ya Ijumaa, imuulize: ungependa kusoma hadi wapi, nasi tukusaidie nini? Huenda siku moja baba mwingine atasimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji akauliza swali lile lile, na binti huyo ndiye atakayetoka kumjibu: "Nipo, baba."

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.