Nasaba ya Mskoti: Hati na Msomaji Wake

Jina la Thogoto, karibu na mji wa Kikuyu, aghalabu huelezwa kuwa ni Scotland kama ilivyotamkwa na wenyeji baada ya wamisheni wa Uskoti kuhamia huko mwaka 1898. Jina likipita vinywani na kalamuni hugeuka. Mgeuko wa aina hiyo ni sababu mojawapo inayomfanya mjukuu wa Mskoti aliyezaliwa Kanada amlipe mtafiti wa nasaba aliyeko Edinburgh.

Makala haya yanashikilia kwamba mjukuu huyo hanunui hati, bali usomaji. Hati ni tele. Tangu Januari 1, 1855 sheria ililazimu vizazi, ndoa na vifo visajiliwe, na cheti cha kifo humtaja baba wa marehemu, na mama pia kwa jina la ukoo alimozaliwa. Sensa hufunguliwa baada ya miaka 100. Ile ya 1921 ilifunguliwa mwaka 2022. Haya mtu huweza kuyasoma mtandaoni kwa ada ndogo, pasi na msaada.

Taabu huanza kabla ya 1855. Hapo yamebaki madaftari ya parokia, la kale zaidi likiwa la Errol, la mwaka 1553, nayo yana mapengo. Kati ya 1783 na 1794 serikali ilitoza peni tatu kwa kila tukio lililoandikwa, na wengi wakaamua kutoandikisha. Waumini waliojitenga na Kanisa rasmi nao mara nyingi hawamo. Mwandiko wenyewe ni fumbo: z iliyo katika jina Menzies ni mabaki ya herufi ya kale iliyofanana na z, ndiyo maana wenyewe hutamka 'Mingis'.

Tena kuna desturi ya kurithisha majina. Mwana wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Msomaji Mkikuyu atatabasamu, ingawa kwa mabinti Mskoti alianza na nyanya mzaa mama. Matokeo yake ni binamu kadhaa wenye jina moja, umri unaokaribiana, parokia moja. Asiye na uzoefu humkumbatia wa kwanza anayelingana, kisha hujenga vizazi vitano juu ya babu asiye wake.

Mtafiti mwaminifu hakubali mpaka apate ushahidi wa pili: wasia, orodha ya wapangaji wa shamba, au kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa, ambalo liliwahoji wanawake waliozaa nje ya ndoa hadi wamtaje baba wa mtoto. Hoja hizo za kuaibisha leo huokoa nasaba nzima.

Kwa hiyo mteja na aagize ripoti inayotaja pia madaftari yaliyopekuliwa bila mafanikio, pamoja na miaka yake. Ukurasa huo hauna babu yeyote, lakini humzuia mtafiti wa pili kulipwa kwa kuyapekua upya.