Chaja ikigoma, usikimbilie kutupa betri

MFANYABIASHARA anayechaji betri za watu Oldonyo Sambu, kando ya barabara ya Arusha kwenda Namanga, halipwi kwa umeme alioutumia. Analipwa kwa betri iliyojaa. Ikirudi kwa mwenyewe nusu tupu, fedha inadaiwa na mteja haonekani tena. Mara nyingi lawama huangukia betri kwamba imezeeka, na mkulima anaingia mfukoni kununua nyingine. Baada ya muda mfupi hata hiyo mpya inafanya vilevile, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye chaja.

Chaja nyingi za betri za gari, zile nzito za chuma zenye transfoma ndani, zimetengenezwa kwa umeme wa volti 230. Ili betri ya volti 12 ijae, chaja inapaswa kutoa volti 14.4 hivi. Vijijini, mwishoni mwa laini, saa za jioni kila nyumba inapowasha taa, umeme unaweza kushuka hadi volti 180. Transfoma haina namna ya kujitetea. Umeme ukishuka kiasi hicho, ile 14.4 inakuwa 11.3, ambayo ni chini ya volti za betri yenyewe. Taa ya chaja inawaka, transfoma inanguruma, lakini mshale wa ampea umelala kwenye sifuri. Hapo hakuna kilichoharibika. Betri iunganishwe tena usiku wa manane watu wakiwa wamelala, na mshale utaamka wenyewe.

Mshale ukiishia nusu ya pale ulipozoea wakati umeme ni mzuri, hilo ni jambo jingine. Fundi aangalie dayodi. Kwa kawaida ziko nne, na ikikatika moja chaja inafanya kazi nusu. Kubadili dayodi ni gharama ndogo sana ukilinganisha na chaja mpya, ingawa si kila muuza chaja atakuambia hivyo.

Kabla ya kufungua chochote, vitazamwe vibanio. Ule ukungu mweupe au wa kijani kwenye ncha za betri unazuia umeme kupita. Huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi, mradi vifuniko vya betri vimefungwa ili magadi yasiingie ndani. Kisha mwenye mita ya fundi apime mara mbili chaja ikiwa inafanya kazi: kwanza pale nyaya zinapotoka kwenye chaja, halafu kwenye ncha za betri zenyewe. Tofauti ikizidi nusu volti, nyaya ni nyembamba mno au vibanio vimelegea. Kinyume chake, ikisoma zaidi ya volti 15, chaja inapika betri, na maji ya ndani yatakauka. Yanayoongezwa ni maji ya betri ya dukani. Maji ya visima vya pande za Meru yana floraidi nyingi inayojulikana kwa kubadili rangi ya meno, na madini ya namna hiyo hayafai ndani ya betri.

Hayo ni ya betri za tindikali. Zipo pia betri za lithiamu, zile za ndege ndogo zinazoongozwa kwa redio. Mwaka 2017 jarida la Oryx lilichapisha matokeo ya majaribio ya kuzitumia ndege hizo kufukuza tembo mashambani kandokando ya hifadhi za Tanzania, watafiti wa TAWIRI wakiwa miongoni mwa waandishi wake. Tembo walikimbia mlio wake, na inadhaniwa unawakumbusha nyuki. Lakini ndege ya aina hiyo hukaa hewani kwa dakika 20 hivi tu kwa betri moja. Tembo wakirudi saa nane za usiku na chaja imegoma, mahindi ya msimu mzima yanakwenda.

Porini chaja hizo hutegemea betri ya gari, na kosa linaloonekana zaidi huanzia hapo. Nyingi hukataa kufanya kazi umeme unaoingia ukishuka chini ya volti 11. Betri ya gari inaweza kusoma 12.2 ikiwa imepumzika, kisha ikaanguka mara chaja inapoanza kuvuta, hasa waya ukiwa mrefu na mwembamba. Chaja inazima, inawaka, inazima tena. Dawa ni waya mfupi mnene na betri iliyojaa. Hesabu yake ni hii: betri ya gari ya ampea-saa 60 ina wati-saa 720, na haifai kutumia zaidi ya nusu. Betri ya ndege yenye seli tatu na uwezo wa miliampea-saa 5,000 inahitaji wati-saa 55. Ukitoa zinazopotea njiani kama joto, unapata kujaza mara tano au sita. Anayetaka mara kumi atazamie gari lisiwake asubuhi.

Kosa jingine liko kwenye ule waya mdogo wenye pini nyingi, unaoiwezesha chaja kusoma kila seli peke yake. Pini ikipinda au ikiingia vumbi, na vumbi la kiangazi la Oldonyo Sambu halihitaji kuelezwa, chaja inasoma uongo na kukataa. Seli iliyojaa ni volti 4.2. Mita ikionyesha seli zote zinalingana huku chaja ikisema moja ina kasoro, tatizo ni pini. Mita nayo ikisema seli moja iko chini ya volti 3, chaja imesema kweli.

Hapo ndipo wajanja huidanganya chaja kwa kuiwekea programu ya betri za aina nyingine ili ikubali. Hiyo ni njia ya kuchoma banda. Lithiamu ikishika moto haizimiki kirahisi, kwa hiyo huchajiwa juu ya sakafu ya saruji, mbali na nyasi na magunia, ndoo ya mchanga ikiwa karibu na mtu akiwepo. Iliyovimba haichajiwi kabisa.

Urushaji wenyewe unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), hata juu ya shamba lako.

Mwenye kukaa na betri hizo bila kuzirusha kwa wiki nzima asiziache zimejaa wala tupu. Ziwekwe kwenye volti 3.8 kwa kila seli, mahali penye baridi, na zipimwe tena kabla ya msimu wa mahindi kukomaa.