Je, Wajua? Tungo za Pwani Zilikohifadhiwa

Je, wajua kwamba mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mnamo mwaka 1840, yangepotea mengi lau si Mwalimu Sikujua? Msomi huyu wa Mombasa aliyakusanya vinywani mwa wazee waliokuwa bado wanayakumbuka, akamsaidia mmishonari William Taylor kuyatia kwenye maandishi. Karatasi za Taylor sasa ziko SOAS, Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1940 William Hichens alizitumia kuchapisha diwani ya Muyaka, karne nzima baada ya mshairi kuzikwa. Jina la Mwalimu Sikujua lilistahili kukaa pale juu ya jalada.

Je, wajua kuwa mwandiko wa Mlamu mmoja unasomwa London na Ujerumani pia? Ni wa Muhamadi Kijuma, mshairi, mwanamuziki na mchonga mbao hodari, aliyefariki mwaka 1945. Ndiye aliyetunga utenzi wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913. Wataalamu Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann wote walimtegemea awanakilie tungo za kale kwa herufi za Kiarabu. Ukiona mswada wa Lamu katika maktaba ya Ulaya, usishangae kuambiwa ni kazi ya mkono wake.

Mswada mmoja wa utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani, uko Hamburg. Tarehe yake? 1728.

Je, wajua zilikoishia karatasi za Sayyida Salme? Binti huyu wa Sultani Said wa Unguja alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, kwa jina la Emily Ruete. Mwanawe Rudolph alikabidhi vitabu na karatasi za familia Leiden, Uholanzi, na leo ziko chini ya chuo kikuu cha huko. Humo zimo barua ndefu za Salme kuhusu maisha yake ya ugenini, ambazo wasomaji wa Kiingereza walizipata mwaka 1993.

Na Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina picha 7,610 za Afrika Mashariki zilizopigwa kati ya mwaka 1860 na 1960, zilizokusanywa na Humphrey Winterton.

Lakini si lazima upande ndege. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina karatasi za Hans Cory, aliyeandika sheria za mila za Wasukuma na Wahaya, na ina mkusanyo wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu ambao J. W. T. Allen aliutolea katalogi mwaka 1970. Ninaloupendea zaidi mkusanyo huo ni kanda za sauti. Utenzi huimbwa, na karatasi haiwezi kushika mahadhi. Allen alilitambua hilo mapema, akahifadhi sauti pamoja na wino.

Baadhi ya miswada ya SOAS imewekwa mtandaoni, nawe unaweza kuisoma bila malipo. Na kama nyumbani kwenu kuna sanduku la karatasi za babu au bibi zenye herufi za Kiarabu, tafadhali msizichome wala msiziache zikaliwa na mchwa. Zipigeni picha, kisha mpelekeeni mtu wa maktaba azisome.