Chumvi, Samaki na Mwenzetu Mwenye Ugonjwa wa Moyo



Mwenzetu mmoja wa Bugarama, mbebaji wa ndagala pale mwaloni, alianza kwa kuchelewa kupandisha mzigo. Kwanza akawa anapumzika njiani. Kisha miguu ikavimba hata kamba za ndara zikamkata. Mwishowe akawa analala ameketi, maana akijinyoosha pumzi hukatika. Msimamizi alimwita mvivu, na sisi tusifiche, wengine wetu tulimcheka.

Hospitali waliona kwamba moyo wake umeshindwa kazi. Alipewa vidonge na maneno mawili: acha chumvi. Akarudi nyumbani, akaacha samaki wa kila aina, akala ugali wa muhogo na maharage wiki mbili, na bado akavimba na kurudishwa kitandani. Tulipouliza jikoni tukaambiwa maharage yale yalilainishwa kwa magadi na kukolezwa kwa kube mbili za mchuzi. Aliacha samaki, lakini chumvi ilibaki chunguni. Basi tumeona vyema kueleza jambo hili kirefu, kwa kuwa maneno mawili hayakumtosha.

Moyo kushindwa si moyo kusimama. Ni moyo uliochoka, unaosukuma damu kwa nguvu iliyopungua. Wengi hufikia hapo kwa sababu ya shinikizo la damu lililokaa miaka bila kutibiwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012, wa wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulikuta hivyo, na umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 52. Huo ni umri wa mtu aliye kazini. Wapo pia vijana ambao moyo uliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, na akina mama wanaopatwa karibu na kujifungua au miezi michache baadaye.

Damu ikifika figoni kwa uchache, figo hudhani mwili umekauka, nazo huzuia chumvi na maji yasitoke. Palipo na chumvi maji hubaki. Wanaokausha samaki wanalijua hili: mpake samaki chumvi, utaona inavyoyavuta maji kutoka mwilini mwake. Katika mwili wetu chumvi hiyo huyashika maji ndani ya damu, damu inazidi kuwa nyingi, na moyo ule ule mchovu unapewa mzigo mkubwa zaidi. Maji yakizidi hushuka miguuni, hujaa tumboni, na usiku hupanda mapafuni. Vidonge vya kukojoza huyatoa, lakini ukila chumvi nyingi unajaza mtumbwi huku mwenzako anaukumba.

Mtu mzima mwenye afya hushauriwa na Shirika la Afya Duniani asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hiyo ni pamoja na ile iliyo tayari ndani ya vyakula. Mgonjwa wa moyo afuate kipimo cha daktari wake, lakini hana haja ya kujitesa. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 806 wa moyo katika nchi 6. Walioshushiwa chumvi chini sana hawakuonekana kupungukiwa na vifo wala kulazwa kuliko wenzao, ingawa walijisikia nafuu kidogo. Watu hao, lakini, hawakuwa walaji wakubwa wa chumvi tangu mwanzo. Mtu anayekula samaki wa chumvi kila jioni asijifiche nyuma ya habari hiyo.

Sasa tuje kwenye samaki, maana hapa ndipo mwenzetu alipopotezwa. Huku ziwani tunasema "samaki mkavu" kana kwamba ni kitu kimoja. Ndagala aliyeanikwa juani bila kutiwa kitu ana chumvi kidogo tu, ile aliyozaliwa nayo, wala mgonjwa hana sababu ya kumkimbia. Mukeke mbichi wa kuchoma na ndimu naye ni chakula chake. Samaki aliyelazwa katika chumvi ni mwingine kabisa. Gramu 100 zake, akiwa amekolea sana, zaweza kubeba zaidi ya gramu 10 za chumvi, yaani posho ya siku mbili katika kipande kimoja. Kumloweka na kubadilisha maji mara kadhaa hupunguza, hakumalizi. Na jua likikosekana, wapo wanaomtia hata ndagala chumvi asioze. Kwa hiyo umuulize muuzaji, kisha uonje mmoja kwa ncha ya ulimi kabla ya kununua. Ulimi haukosei hapo.

Kube ya mchuzi ni chumvi kwa karibu nusu ya uzito wake au zaidi. Magadi na soda ya kuokea havina ladha ya chumvi, lakini vina sodiamu, ile ile iliyomo ndani ya chumvi inayoshika maji. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi. Sombe ipikwe kwa mawese, kitunguu, pilipili na ndimu. Wiki za kwanza kila kitu kitakuwa kama majani matupu, tusidanganyane, lakini baada ya mwezi mmoja au miwili ulimi huzoea.

Wazee wetu walijua thamani ya chumvi. Ile ya Uvinza ilisafirishwa mbali, na kumpa mgeni chakula kisicho na chumvi hakukuwa sifa kwa mama wa nyumba. Twataja hili kwa sababu aibu hiyo ingalipo. Chungu kipikwe bila chumvi, sehemu ya mgonjwa itengwe, halafu wengine watiwe yao. Watoto wasinyimwe chumvi yenye madini ya joto.

Mambo mawili ya hatari. La kwanza ni chumvi mbadala zenye potasiamu, na maji ya majivu ya maganda ya ndizi, ambayo nayo yana potasiamu nyingi. Anayemeza enalaprili au spironolaktoni asivitumie bila kumuuliza daktari, kwani potasiamu ikizidi moyo waweza kusimama. La pili ni vidonge vya maumivu. Sisi wabebaji mgongo ukiuma hununua diklofenaki au ibuprofeni dukani kama tunavyonunua kiberiti. Dawa hizi huzuia chumvi na maji mwilini, na kwa mgonjwa wa moyo zaweza kuharibu kazi ya mwezi mzima. Aombe nyingine zahanati.

Maji yaliyozidi huonekana kwenye mizani kabla ya kuonekana miguuni. Mgonjwa ajipime kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku mbili au tatu, aende zahanati siku hiyo hiyo, asingoje kuvimba. Nyumbani nani ana mizani? Lakini penye kupimwa magunia ya ngazi ipo, na mwenzetu sasa hupanda juu yake kila asubuhi kabla mizigo haijafika, karani akimwandikia katika daftari.

Tajiri amekubali kumhamishia kwenye vichanja, kugeuza ndagala, kazi isiyo ya kupandisha mlima. Posho bado wanabishana. Mpishi wa zamu naye amekubali kumtengea bakuli kabla ya kutia kube, isipokuwa siku ya mshahara, ambapo husema watu ni wengi na anasahau. Siku hiyo mwenzetu huja na chakula chake kutoka nyumbani.