Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Betri Iliyosingiziwa

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo niliisikia tangu nikiwa mtoto wa chuoni, nimeitia katika mashairi yangu mara nyingi, na nimewafasiria vijana maana yake bila ya kuona haya. Walakini maana yake hasa nimefundishwa juzijuzi na kigari changu kikuukuu cha Kijapani, na aliyelipa ada ya mafunzo hayo ni kijana wa watu asiyekuwa na hatia.

Mambo yalianza kivukoni. Nilikuwa natoka ng'ambo ya Likoni kutoa mkono wa taazia, na sala ya Isha imekwisha saliwa. Ferini nilizima gari kama wenzangu. Feri ilipotia nanga upande wa kisiwani, nikatia ufunguo, nikazungusha. Injini haikuitika. Kilichosikika ni tik, tik, tik, kama mtu agongaye mlango wa nyumba isiyo na mwenyewe. Nyuma yangu honi zikaanza kulia. Vijana wanne, Mwenyezi Mungu awalipe, wakalisukuma mpaka likashika. Nikaja nalo hadi Kibokoni, taa zikizidi kufifia njiani kama kibatari kilichokwisha mafuta.

Ajabu ni kwamba betri ile ilikuwa na wiki tatu tu. Niliinunua kwa kijana mmoja muuza spea upande wa Mwembe Tayari, baada ya ile ya zamani kunigomea vivyo hivyo. Na kwa siku kadha kitaa chekundu chenye sura ya betri kilikuwa kikiniwakia mbele ya usukani. Basi mimi na elimu yangu, nikasoma picha kama mtoto asomavyo: picha ni ya betri, kwa hivyo mbovu ni betri.

Asubuhi yake nikakaa barazani, muuza kahawa ameshika dele lake, na wazee wenzangu wamekwisha jipanga. Hapo nikasema neno ambalo mpaka leo natamani ningelimeza pamoja na kahawa. Nikamtaja kijana yule, nikasema yuwauza betri mbovu kwa bei ya nzima. Msomaji wa Mji wa Kale hana haja ya kuelezwa: vichochoro vyetu ni vyembamba, gari halipiti, lakini neno hupita kwa mbio.

Nikampelekea betri yake. Kijana akaipokea kwa adabu, akaitia chaji usiku kucha, akaipima, na kesho yake akanirudishia. "Ami," akaniambia, "betri hii ni nzima. Mtafute fundi waya akutazamie gari." Mimi nikaona ananikimbia. Siku mbili gari likaenda vizuri, ya tatu likazimika mbele ya Ngome, watalii wakinitazama.

Ndipo nikaenda kwa fundi waya. Ni mtu mzima, gereji yake ni uwanja chini ya mwarobaini, na hana haraka. Hakugusa spana. Kwanza aliniuliza maswali kama tabibu: Taa zafifia ukiwa umesimama, kisha zang'aa ukikanyaga mafuta? Wasikia mvumo au mlio wa ukanda? Kitaa chekundu huwaka injini ikiwa yazunguka? Nikamjibu naam kwa hilo la mwisho, na la mvumo pia, ambao nilidhani ni uzee tu.

"Maalim," akasema, "kitaa kile si cha betri peke yake. Chakwambia betri hailishwi."

Akafungua boneti. Alianza na ukanda wa feni, akaubonyeza kwa kidole gumba katikati, akautazama kama una nyufa. Ukanda ulikuwa mzima na umekaza. Akageukia vichwa vya betri. Hapo alitikisa kichwa, kwa maana vilikuwa vimeota ukungu wa kijani na mweupe. Mji wetu umezungukwa na maji ya chumvi, na upepo wa bahari huingia kila mahali, hula mabati, madirisha na hata nyaya za magari. Ukungu ule huuzuia umeme kupita. Akavifungua, akaviosha kwa maji moto yenye magadi, akavikausha, akavifunga na kuvipaka grisi. Kazi hiyo, ndugu msomaji, kila mwenye gari Mombasa angefaa kuifanya mara kwa mara, wala haihitaji fundi.

Kisha akatoa kipimo cha volti. Betri ya gari dogo huitwa ya volti 12, lakini ikiwa imejaa na imepumzika husoma kama 12.6. Yangu ilisoma 12.2. Akaniamuru niwashe injini. Gari zima, akanieleza, hapo lapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5, kwa kuwa betri sasa yarudishiwa kile ilichotoa. Yangu ilisoma 12.0. Nilipowasha taa ikazidi kushuka. Ili asiisingizie alteneta kosa la waya, akaweka kipimo nyuma ya alteneta yenyewe, pale umeme utokapo. Hesabu ikawa ile ile.

"Mwizi tumemshika," akasema. "Haleti moto huyu."

Nikamwuliza mbona hafanyi kama mafundi wa utotoni mwangu, waliokuwa waking'oa waya wa betri injini ikizunguka, gari lisipozima wakasema chaji ipo. Akacheka. Hayo, akasema, yalikuwa ya enzi za dainamo, za Morris Minor na Volkswagen ya kobe. Gari la sasa lina vyombo vya kielektroniki, na ukiing'oa betri ghafla umeme huweza kuruka juu ukaviunguza. Fundi afanyaye hivyo leo ni wa kumkimbia.

Alipokuwa akifungua, nikamdadisi kazi ya chombo hicho. Asili yake ni Michael Faraday, mtoto wa mhunzi wa Kiingereza, ambaye mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku ikitembea karibu na waya, umeme huzaliwa ndani ya waya ule. Alteneta ni hilo hilo. Ukanda wa injini huzungusha kiini chenye sumaku ndani ya duara la nyaya za shaba. Lakini umeme uzaliwao huenda mbele na kurudi nyuma, kama maji ya bahari yajaavyo na kupwa, na betri haitaki umeme wa namna hiyo. Kwa hivyo umewekewa vidude viitwavyo daiodi, ambavyo ni mfano wa njia ya kwenda tu isiyo na kurudi. Juu ya vyote pana regulata, ambaye ni msimamizi, asiache volti zikapita kiasi. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani iliitia alteneta katika gari lake la Valiant, na polepole dainamo ikastaafu, maana yenyewe ilikuwa haitoi chaji ya maana gari likisimama kwenye msongamano.

Fundi akanionyesha ugonjwa. Brashi za kaboni, vipande viwili vidogo vinavyopeleka umeme katika kile kiini, zilikuwa zimelika zikabaki kama kucha. Lau ni hizo tu, alisema, angezibadilisha na kazi ikesha kwa gharama ndogo. Lakini pete za shaba zilikuwa zimechimbika, na beringi ilikuwa ikivuma. Kuitengeneza hii, akasema, ni kushona kanzu iliyooza: mshono utakaa, kitambaa kitapasuka pembeni.

"Twende tukatafute nyingine," nikasema. Akanikanya nisiende mikono mitupu. Yapasa kuichukua ile ya zamani dukani, uzilinganishe: masikio ya kufungia, mifereji ya puli, umbo la plagi, na idadi ya ampea iliyoandikwa ubavuni. Ukiwa wanunua ya mtumba, ile iliyoshuka bandarini kutoka Japani au Dubai, izungushe kwa mkono usikilize, kisha uombe ipimwe hapo hapo kabla ya kufungua mfuko.

Kuifunga hakukuchukua muda mrefu. Waya hasi wa betri alikuwa ameufungua kabla ya yote, kwa maana waya wa alteneta una umeme wakati wote, na spana ikigusa bodi huruka cheche. Akapachika alteneta, akarudisha nyaya na plagi, akavuta ukanda, usilegee ukateleza wala usikaze ukaua beringi. Mwisho kabisa akarudisha ule waya hasi. Betri alikuwa ameitia chaji pembeni, kwa sababu si vyema kuitwika alteneta mpya mzigo wa kujaza betri iliyokauka. Tukawasha. Kipimo kikasoma 14.2, na kwa taa zote 13.9. Kitaa chekundu kikazimika. Adhana ya Alasiri ikalia tukiwa twanawa mikono.

Nilifurahi, na kama kawaida yangu nikayaokota maneno. Mafundi wetu huuita umeme "moto", na alteneta isiyofanya kazi "haileti moto". Usukani ni neno la mabaharia lililopanda nchi kavu, na gari lenyewe tumelipata kwa Wahindi. Lugha yetu haikusubiri kamati ili iingie gereji.

Lakini furaha ile fundi aliikata kwa neno moja. "Maalim, basi hata ile betri ya kwanza uliyoitupa, huenda ilikuwa nzima. Na yule kijana wa Mwembe Tayari namjua. Tangu usemi wako, watu wa kwenu hawamwendei."

Sikulala vyema usiku ule. Sote tumesoma Suratul Hujurat, na twajua ilivyotukataza kufuata dhana. Mimi niliyapima magurudumu, nikapima mafuta, ila ulimi wangu sikuupima. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, kwani kidole hupona.

Asubuhi nikaenda dukani kwake nikamtaka radhi. Alininyamazia kidogo, akiwa apanga misumari ambayo ilikuwa imekwisha pangika. Kisha akasema, "Mimi nimekusamehe, ami. Lakini lile ulilolisema barazani, ulisemee barazani."

Hakunivunjia heshima, wala hakunipunguzia deni. Jioni ile nikakaa pale pale, kahawa ile ile, mbele ya wazee wale wale, nikamtaja kijana kwa jina lake na babaye, nikasema betri ilikuwa nzima na mbovu nilikuwa mimi. Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akauliza duka lenyewe liko wapi hasa, kwa maana gari la mwanawe lataka betri. Nikampeleka mwenyewe, kwa gari langu, taa zikiwaka.

Usimshike kijana, kwa jambo hujalipima,
Pima kwanza kwa bayana, ndipo upate kusema,
Gari likizima tena, tazama mbele na nyuma,
Neno likishamuuma, radhi ndiyo dawa yake.